Mashine Iliyokataa Mzigo

Boti ya Gachoki ilikuwa inakimbia vizuri sana, mradi haina kitu ndani. Ikiwa tupu ilikata maji ya bwawa kama mtu aliyesikia kuna nyama ya bure ng'ambo. Lakini ukiipakia magunia kumi na mawili ya muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na watu sita, ilitoka ufuoni kwa heshima zake, ikafika pale panapochomoza visiki vya miti iliyozama, halafu ikaanza kukohoa. Inakohoa, inapungua, inajikaza, inapungua tena, mpaka inabaki na kasauti ka mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Halafu kimya.

Jumatatu hiyo ilizima Kaari mwenyewe akiwa ndani. Kaari ndiye mwenye muguka. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kofia ya baridi kichwani hata jua likichoma, simu mbili kiunoni, na alikuwa ameketi juu ya magunia yake kama kuku juu ya mayai. Alingoja mpaka boti ikatulia kabisa, ndipo akauliza:

"Gachoki, hii ni boti ama ni kiti?"

Abiria wakacheka. Gachoki hakucheka. Alikuwa amemsukuma kando mdogo wake Ngari, dereva wa boti, akavuta kamba ya mashine mwenyewe mara kumi na moja, na sasa bega lilikuwa linawaka moto.

"Ni plagi tu, mama. Imelowa."

"Wiki jana ilikuwa plagi. Juzi ilikuwa plagi. Hiyo plagi yako inaoga kila siku?"

Marcella, mke wa Gachoki, kazi yake ilikuwa kukusanya nauli na kugawa jaketi za kuelea. Siku hiyo aligawa pia mabeseni. Watu wakapiga maji kwa mabeseni, wakaigeuza boti, wakarudi walikotoka. Mzee Kithaka wa kanisa, ambaye alikuwa na suti na beseni la rangi ya waridi, aliuliza kama abiria anayejipeleka mwenyewe naye hulipa nauli nzima.

Ufuoni Kaari alishuka, akafungua gunia moja, akaingiza mkono. Muguka huchumwa alfajiri, na kufika alasiri jani limenyauka, halina mnunuzi ila mbuzi. Magari ya kuelekea Kitui huondoka ng'ambo saa tatu unusu na hayangoji mtu. Kwa boti ni dakika arobaini. Kwa barabara, mpaka uzunguke darajani, ni masaa mawili na nusu na vumbi la kutosha kupanda mahindi kifuani.

"Nakupa mpaka Alhamisi," alisema. "Alhamisi muguka yangu isipofika ng'ambo saa tatu, natafuta pikapu, na mimi na wewe tutakuwa tunasalimiana kanisani tu."

Gachoki aliitikia kwa kichwa. Bila magunia ya Kaari, boti ingebaki kubeba kuku na waumini, na hao wote wawili hupenda kusafiri kwa ahadi.

*

Jumanne waliamua tatizo ni uzito. Hiyo ilikuwa akili ya Mzee Kithaka, na ilionekana akili nzuri kwa sababu haikuhitaji spea. Mashine inakimbia ikiwa tupu, inakufa ikiwa na mzigo, basi mzigo upunguzwe.

Kabla ya kupakia, Gachoki alifanya kazi yake ya kila asubuhi. Siku kama kumi hivi nyuma Kaari alikuwa amelalamika kwamba muguka yake inafika inanuka petroli na wateja wanaitema. Tangu hapo Gachoki hakucheza. Alichukua koleo, akakaza kabisa kale kaskrubu kadogo kalicho juu ya kifuniko cha tanki, akafunika kifuniko na kipande cha nailoni, akazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaweka juu yake gunia lililoloweshwa maji. Ukinusa pale, unasikia gunia tu. Aliipenda sana hiyo kazi. Aliifanya kwa mkono wake na hakumruhusu mtu kuigusa. Lakini ilikuwa kazi ya muguka, haikuwa kazi ya mashine, na hakuna aliyezihesabu pamoja.

Magunia yakapimwa kwenye mizani ya Kaari, ile ya ndoano, iliyoning'inizwa kwenye tawi la mgunga. Yalikuwa yale yale ya siku zote. Watu wakatazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Marcella.

"Nini?" Marcella akauliza.

"Hakuna mtu amesema kitu," Gachoki alisema.

"Macho yenu yanasema."

"Mama Bev, si ni kujaribu tu. Shika hapo kwa ndoano, inua miguu kidogo."

"Gachoki, mimi ni gunia?"

"Mama wa watu, mashine inakufa! Unataka nimpime Kithaka na yeye ni mifupa na Biblia?"

Marcella alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango katika uwanja. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwekahazina wa akina mama kanisani. Akavua viatu, sijui kwa nini, akashika ndoano kwa mikono miwili na kuinua miguu. Tawi likalia. Mshale ukazunguka.

"Themanini na tatu!" mpakiaji mmoja akasoma kwa sauti ya mnada.

"Hayo ni magunia mawili ya muguka," Kaari alisema, "na lingine linatafuta mwenzake."

Kicheko kilichotoka hapo kilifukuza ndege majini. Hata Gachoki alicheka, kidogo, kwa pua. Ngari peke yake alienda akamwokotea shemeji yake viatu, akavipangusa mchanga, akasema, "Shemeji, usijali. Hiyo mizani huongeza. Ndiyo maana Kaari ni tajiri." Kaari akamrushia jani la muguka.

Marcella aliachwa ufuoni. Boti ikatoka bila kilo zake themanini na tatu, ikafika kwenye visiki, ikakohoa, ikafa. Aliwaona kutoka mbali wakipiga maji kwa mabeseni. Aliketi kwenye jiwe, akavaa viatu vyake polepole, kimoja, halafu kingine.

*

Jumatano wakaita fundi. Mwongera alitoka Mitunguu na pikipiki, mkoba wa spana mgongoni. Kule kwao hutengeneza pampu za kunyunyizia migomba maji, na mashine za posho, na mara moja, alivyosema mwenyewe, alitengeneza kinanda cha kanisa la Kanyakine. Ili alipwe, Marcella alikuwa ameuza kondoo dume aliyepewa na mama yake. Hakumwambia mama yake.

"Muga!" alisalimu. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Boti umeshawahi kutengeneza?" Ngari aliuliza.

"Kijana, mashine ni mashine. Ng'ombe akiingia majini anakuwa samaki?"

Alibadilisha plagi. Aliosha kabureta. Aliifungua propela akaitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi, akasema imelegea roho, akamtuma Gachoki Embu mjini akalete nyingine. Gachoki aliporudi mchana, wakafunga propela mpya, na Mwongera akafungua kifuniko cha tanki anuse petroli. Alinusa muda mrefu, macho amefunga.

"Nani hununua petroli hapa?"

"Ni mimi," Ngari alisema. "Kwa mtungi, kutoka senta."

"Hii inanuka kama ina mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa yatoke wapi?"

"Mimi nimenusa tu," Mwongera alisema, akainua mikono kama mtu asiye na neno. "Pua haina ukoo."

Ngari alijaribu kumwonyesha kitu kingine. Kwenye mpira unaotoka tanki kwenda mashine kuna kipira cha kubinya, cha kuvutia petroli kabla ya kuwasha. "Fundi, kila mara mashine ikizima, hiki kipira huwa kimenyonywa, kimekuwa flati kama chapati. Si kinafaa kuwa kigumu?"

"Kipira ni kizee. Wewe ukizeeka hutanywea?" Mwongera alicheka mwenyewe. "Gachoki, nunua kipira kingine ukipata nafasi."

Wakaijaribu. Hakukuwa na muguka siku hiyo, kwa hiyo hakukuwa na nailoni wala koleo wala gunia la maji; fundi alirudisha kifuniko juu juu tu. Boti ikaenda mpaka visiki, ikavipita, ikazunguka kisiwa cha ndege, ikarudi ikiimba. Gachoki alimkumbatia fundi na grisi yake yote. Mwongera akalipwa, akapewa na kuku, akapanda pikipiki. Lakini kabla ya kuwasha alimwita Gachoki kando, akainamisha kichwa.

"Mashine nimekupa nzima. Ikisumbua tena, usitafute kwa chuma. Tafuta kwa watu."

*

Alhamisi jua lilitoka mapema, na Kaari alitoka kabla ya jua. Magunia kumi na mawili. Gachoki akakaza skrubu, akafunga nailoni, akatandaza gunia lililolowa. Marcella hakuambiwa abaki. Alibaki tu.

Kwenye visiki mashine ilikohoa.

"Hapana," Gachoki alisema, kama anamkanya mtoto. "Hapana, hapana."

Ikafa. Watu waliinamisha vichwa. Hata Mzee Kithaka, aliyekuwa anaenda ng'ambo kuangalia ujenzi wa kanisa, aliangalia mikono yake tu. Ngari alitoa gunia, akachana nailoni, akafungua kifuniko cha tanki achungulie. Kifuniko kilipolegea kilitoa sauti, fyuuu, kama mtu aliyeshikilia pumzi muda mrefu. Akakirudisha juu juu bila kukaza, akabinya kile kipira mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba mara moja.

Mashine ikanguruma. Boti ikainua pua. Abiria wakapiga makofi, na Kaari akasema, "Asante Yesu," jambo ambalo si la kawaida yake.

Gachoki hakupiga makofi.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua tu nione kama petroli imeisha."

"Na ikapona."

"Si unaisikia, mkubwa? Imepona."

"Wiki nzima tunavuta kamba mpaka mabega yanataka kutoka. Fundi ametoka Mitunguu. Kondoo ameuzwa. Wewe unagusa tanki kidogo, inapona." Gachoki alikuwa anaongea polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Umejuaje pa kugusa?"

"Sikujua! Lakini nimesikia kitu kama hewa ikiingia. Nafikiri mashine inakosa hewa, na..."

"Hewa?" Kaari alidakia. Akanyoosha mkono akazungusha bwawa lote, milima, mbingu. "Na hii yote ni nini, uji?"

Watu wakacheka tena, kicheko cha watu walioogopa na sasa wamepona. Kisha Kaari akaziba pua. "Na funga hiyo tanki, muguka yangu itanuka."

Gachoki akaifunga mwenyewe. Akakaza skrubu kwa koleo, kwa hasira, mara mbili zaidi ya siku zote, akafunga nailoni iliyochanika na mpira juu yake. Walienda vizuri, wakaanza kuona watu wa ng'ambo, wakaanza kuona rangi za nguo zao. Halafu mashine ikakohoa.

Ngari akanyoosha mkono kwenye tanki.

"Usiguse!"

"Mkubwa, niache nifungue tu..."

"Nimesema toa mkono! Unataka tukupigie makofi tena?"

Wakapiga maji kwa mabeseni. Walifika saa nne kasorobo. Pale magari huegesha palikuwa na alama za tairi na mbuzi wawili. Kaari alishusha magunia yake moja moja, akayahesabu ingawa aliyajua, akatoa simu akamwita mtu wa pikapu aje kuyachukua kwa bei ya mabua. Hakumpigia Gachoki kelele. Alisema tu, "Mimi nimemaliza," akavuta kofia yake chini.

Hapo ndipo Gachoki alipochukua mtungi wa petroli, akaufungua, akaunusa mbele ya watu. Akamwendea Ngari, akamshika kola ya jaketi, akainusa nayo. Ngari alikuwa mrefu kuliko yeye, ikabidi Gachoki asimame kwa vidole.

"Unauza petroli ya boti, unajaza mafuta ya taa. Ukiona mambo yameharibika, unatengeneza kidogo uonekane shujaa."

"Gachoki." Ngari hakumwita mkubwa. "Mimi?"

"Pua haina ukoo."

"Tulizaliwa nyumba moja, unaninusa kama mbwa?"

"Huingii hii boti."

Alisukuma boti majini na abiria wa kurudi, Mzee Kithaka akiwa mmoja wao, na kumwacha mdogo wake amesimama kati ya mbuzi wawili. Njiani mashine ilienda vizuri. Boti ilikuwa nyepesi, na Gachoki alikuwa ameing'oa ile nailoni chafu akaitupa sakafuni na kulegeza kila kitu, maana hapakuwa tena na muguka ya kulinda.

Ngari alizunguka darajani kwa mguu na kwa lori la mchanga. Hakufika nyumbani. Alimpigia Marcella kutoka Embu, akasema kuna rafiki anaosha magari amempa pa kulala, na nguo zake atazijia siku nyingine.

*

Jumamosi kanisa lilikodi boti kupeleka simiti ng'ambo, mifuko ishirini. Ukijumlisha vijana wanane wa kubeba na Mzee Kithaka wa kusimamia, ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wa Kaari siku yoyote. Gachoki alishika usukani mwenyewe. Marcella alirudi kwenye nauli kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Boti iliketi majini mpaka ubavuni, na ilipokaribia visiki kila mtu alichukua beseni bila kuambiwa.

Mashine haikukohoa. Ilivipita visiki. Ilivuka bwawa lote kwa sauti moja, nzito, ya mnyama aliyeshiba, na ikawashusha ng'ambo mabeseni yakiwa makavu.

"Mnaona?" Mzee Kithaka alisimama ndani ya boti, akavua kofia. "Mnaona mambo ya Mungu? Akani alipotolewa kambini, Israeli walishinda vita. Mwizi ametoka, mashine imepona. Tuseme amina."

"Amina!" vijana wakaitikia.

"Amina," Gachoki alisema. Siku hiyo aliisema akiiamini, na tumpe hiyo.

Marcella hakuitikia. Alikuwa anaangalia tanki. Kifuniko kilikuwa wazi, hakina nailoni, na kale kaskrubu ka juu kalikuwa kamelegea kanachezacheza kwa mtetemo wa mashine.

Alingoja mpaka wamerudi na watu wote wametawanyika.

"Baba Bev, leo hukufunga tanki."

"Simiti inanuka? Nifungie nini?"

"Jumatano fundi akiwa hapa, ulifunga?"

"Hakukuwa na..." Gachoki akageuka kuitazama tanki.

"Turudi majini," Marcella alisema. "Mimi na wewe. Na mimi ni mzigo wa kutosha, si nilipimwa?"

Walienda. Kwenye maji mapana Marcella alichukua koleo akakaza skrubu mwenyewe. Wakakaa wanasikiliza. Mashine ikaenda, ikaenda, halafu ikaanza kukohoa. Kipira kikanywea, pande zake mbili zikagusana. Marcella akalegeza skrubu. Fyuuu. Mashine ikapanda tena. Akakaza. Ikashuka. Akalegeza. Ikapanda. Alirudia mara tatu, uso wake hauna kitu.

"Wacha," Gachoki alisema.

"Ngoja kidogo."

"Marcella, wacha. Nimeona."

"Tanki haipumui. Petroli inatokaje kama hewa haiingii? Hata chupa ya uji ya mtoto ina tundu." Akaweka koleo chini. "Ngari alisema hewa."

Gachoki aliangalia maji. Dawa ilikuwa ya dakika tano: skrubu ibaki wazi, magunia yahamie mbele, tanki libaki nyuma kabisa ambako upepo unaichukua harufu. Mtu yeyote angeweza kuliwaza hilo siku ya kwanza Kaari alipolalamika.

"Utampigia simu saa ngapi?" Marcella aliuliza.

"Kesho. Baada ya kanisa. Nitasimama mbele, niseme kila kitu."

*

Kesho yake kanisani alikaa benchi ya nyuma, na muda wa ushuhuda ulipofika aliangalia viatu vyake mpaka wimbo ukaanza. Nje, chini ya paa la mabati, Kaari alimngoja.

"Kithaka ameniambia. Mifuko ishirini ya simiti?"

"Ishirini."

"Na haikuzima?"

"Haikuzima, mama." Gachoki akamsogelea. "Kwa kweli tatizo lilikuwa..."

"Tatizo nalijua. Mimi nilikuwa hapo." Kaari alimgusa bega, lile linalouma. "Watu wengi hawawezi kutoa mtu wa tumbo moja kwa sababu ya kazi. Mimi nilisema Gachoki ni mzembe, leo nasema umekuwa mwanaume. Pikapu inaniua. Kesho naleta magunia. Kumi na tano. Lakini yule kijana nisimwone kwa boti. Nikimwona, narudi kwa pikapu, hatutaulizana."

Marcella alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, Biblia kifuani. Alimtazama mume wake. Alingoja. Gachoki alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Saa kumi na mbili unusu tutakuwa tayari, mama."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni Marcella alisema, "Magunia kumi na tano," na Gachoki akasema, "Bev anaingia kidato cha pili Januari," na hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya juu ya Ngari.

*

Jumatatu, boti ikiwa imeshapakiwa na magunia mbele, Ngari aliteremka njia ya ufuoni. Alikuwa amepitia nyumbani akachukua begi lake. Viatu vilikuwa na maji ya sabuni ya kuosha magari, vimekauka vyeupe. Alisimama kando ya Marcella, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe lake, kwa sababu kwa magunia kumi na tano nafasi yake haikuwepo tena.

"Nimekuja kuisikiliza tu," alisema. "Vijana wa kanisa wamenipigia, wanasema imepona."

Gachoki alimwona. Kaari alimwona pia, akakunja uso. Gachoki akavuta kamba haraka, mashine ikashika mara moja, na boti ikaanza kutoka, nzito, imejaa, ikinguruma sauti moja isiyovunjika. Ngari aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa macho yaliyofumba, na taratibu uso wake ukafunguka. Alikuwa anafurahi. Baada ya yote yale, alikuwa anafurahia mashine. Akaweka mikono mdomoni.

"Mkubwaaa! Ilikuwa nini?"

Boti nzima iligeuka. Kaari, wapakiaji, Mzee Kithaka na kofia yake. Kisha wote wakageuka upande wa pili, wakamtazama Gachoki, wakingoja jibu lake.

"Petroli safi!" Gachoki alipiga kelele. "Ilikuwa inataka petroli safi tu!"

Ngari alianza kucheka. Utani ulikuwa mkubwa kati yao tangu wakiwa wadogo, na alidhani huu ni ule wa kawaida, unaofuatwa na kicheko cha kaka yake. Alingoja hicho kicheko. Kilichokuja juu ya maji kilikuwa cha Kaari, halafu cha wapakiaji, halafu cha boti nzima, na Gachoki alikuwa ameshageuza mgongo, anaangalia mbele kama mtu mwenye kazi nyingi.

Boti ilivipita visiki. Ngari alishusha mikono.

"Shemeji," alisema bila kumtazama. "Wewe huwa hudanganyi. Ilikuwa nini?"

Marcella alisimama, akajipangusa rinda ambalo halikuwa na mchanga.

"Githeri iko moto nyumbani," alisema. "Twende ule kwanza."

"Sikuuliza chakula."

"Ngari. Ule kwanza."

Ngari akamtazama sasa, muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama mlango aliouzoea na kukuta umebadilishwa kufuli. Kisha akatupa begi begani, akapanda njia ya kuelekea barabarani, na hakuchukua ile ya nyumbani. Kutoka majini mashine ilikuwa bado inasikika, nzima kabisa, ikibeba mzigo wake.